Kutu ya tanki la choo kwenye mashua inatoka ndani, usilaumu ziwa

Sisi tunaoshinda na mashua huku Ziwa Viktoria kuna kitu tumekiamini sana, kwamba maji yetu ni baridi, hayana chumvi kama ya Mombasa, kwa hiyo kutu ni shida ya watu wa pwani. Kwa nanga na minyororo sawa, nakubali. Lakini tanki la choo lina maji yake ndani na hayo maji ni makali kuliko bahari, na mimi hili nimelijua baada ya kufanya kazi hii mwenyewe kwa mikono, ndo maana naandika.

Mashua ya matanga ninayoitunza iko Entebbe, ni ya mzee mmoja ambaye familia yake hupenda kwenda visiwani Kalangala wikendi. Siku moja wamerudi, mama akaniita pembeni akasema mwanangu, kule chini kwenye kitanda cha mbele hakulaliki, kuna harufu ya mayai mabovu. Nikafungua ubao, nikashika ile elbo ya chuma juu ya tanki, nikaizungusha kidogo tu, ikakatika ikabaki mkononi. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi inang'aa vizuri, ndani imebaki ganda. Na nikifikiria kwamba watoto walikuwa wanalala juu yake, roho iliniuma kwelikweli.

Tanki lenyewe ni plastiki, halina neno. Shida ni vile vipande vya kuunganishia, manake fundi wa zamani aliweka nipo (kile kibomba kifupi chenye uzi, yaani meno ya kukazia) ya chuma cha mabati alafu akafunga valvu ya brasi juu yake. Uchafu ukikaa bila hewa unatoa ile gesi ya mayai mabovu, gesi inapanda inakutana na unyevu kwenye dari la tanki, hapo inageuka asidi. Ndo maana vipande vya juu vinaoza kabla ya vile vinavyolala kwenye maji, watu wengi wanakagua chini tu. Brasi nayo inaliwa na mkojo, zinki inatoka inabaki shaba tupu yenye vitundu kama sponji. Ukitaka kujua, kwaruza na kisu, ukiona rangi ya waridi badala ya njano hiyo valvu imekwisha hata kama bado inafunguka. Yangu ilikuwa ya waridi mpaka ndani.

Kabla hujagusa kitu, toa uchafu wote. Tafadhali sana usimwage ziwani. Maji mengi ya Kampala yanavutwa ziwani pale Ggaba, ni hayohayo tunachotea chai. Mimi nilinyonya na pampu ya mkono nikajaza majerikeni yenye vifuniko, nikasubiri gari la kunyonya choo, hayo magari hupeleka Lubigi au Bugolobi kwenye mitambo. Kisha suuza tanki mara tatu. Na fungua madirisha yote, usifanye peke yako, manake ile gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kabisa kwenye tumbo la mashua pale unapoinamia, na ikizidi pua inaacha kuinusa unadhani imeisha kumbe umo ndani yake. Mimi kijana wangu alikaa mlangoni muda wote.

Kutoa nipo iliyoganda kwenye plastiki usitumie moto, tanki litayeyuka, na usiing'ang'anize na spana kubwa utapasua mdomo wa tanki. Chukua bledi ya msumeno wa chuma peke yake, ingiza ndani ya nipo, kata kwa urefu pole pole mistari miwili iliyokaribiana, ukikaribia uzi simama. Hako kapande katikati gonga kwa tindo kaingie ndani, nipo yote inalegea unaizungusha na mkono. Ilinichukua karibu saa nzima kwa kila moja na sijutii.

Sasa hapa kwenye uzi ndo nilipoteza wiki. Nilienda duka moja mjini nikaomba nipo ya plastiki ngumu ya inchi moja na nusu, nikaambiwa ssebo (bwana) inchi moja na nusu ni inchi moja na nusu, zote sawa. Si kweli. Mashua imetengenezwa Marekani, uzi wake ni NPT, kipimo cha Kimarekani, na maduka yetu yanauza BSP ya Kiingereza. Kwa saizi hiyo mmoja una meno 11 na nusu kwa inchi, mwingine 11 kamili. Unaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, alafu unakaza, unadhani umefika kumbe meno yanapandana, na ukiongeza nguvu unakula uzi wa tanki ambao hauna spea. Beba kipande cha zamani na kipimo cha meno, usimwamini mtu kwa mdomo. Mwishowe niliagiza kwa jamaa wa Kilifi anayefanya kazi na mashua za bahari, vikaja na basi, vyote nailoni yenye nyuzi za kioo, hakuna chuma hata kimoja.

Kufunga ni rahisi. Teepu nyeupe ya uzi mizunguko minne au mitano ukifuata upande wa kukazia, kaza na mkono mpaka mwisho, alafu ongeza mzunguko mmoja, basi. Mpira wa kupitisha uchafu loweka ncha kwenye maji ya moto uingie bila kulazimisha, weka klipu mbili kila ncha. Klipu beba sumaku dukani, mkanda mara nyingi ni stenlesi lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida, hiyo ndo hukatika kwanza.

Na usisahau kabomba ka tanki ka kupumulia. Kangu kalikuwa kameziba na nyumba ya nyigu, ndo maana gesi ilikuwa imejifungia mle miaka yote. Nimeweka kanene zaidi, hewa ikiingia harufu inapungua na vipande vinaishi.

Kupima, jaza maji safi mpaka juu, zungushia karatasi ya choo kila kiungo, acha usiku kucha. Asubuhi watu wanne wakae upande mmoja wa mashua ilale kidogo, manake viungo vya juu huguswa na maji ukiwa umepandisha tanga tu. Karatasi zikibaki kavu umemaliza, ila rudi baada ya wiki mbili ukaze klipu tena, mpira mpya hujibana ukalegea.