Umenunua bunduki ya zamani ya jeshi na unataka kuifunga sailensa? Soma hii kwanza

Wadau habari za huko. Hii ni kwa mlioko Marekani mnaonunua hizi bunduki kuukuu za jeshi, Mosin, Mauser, Lee-Enfield na ndugu zao, na pia kwa vijana mnaoanza kazi kwenye karakana za bunduki kama nilivyoanza mimi. Nilikuwa mkereza vyuma nyumbani, shafti na bushi za malori, nikaja huku kwa green card nikapata kibarua kwa mzee mmoja fundi bunduki hapa Texas. Nilidhani najua chuma. Aisee.

Kwanza makaratasi, nitapita fasta. Sailensa huku iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, inasajiliwa, unajaza fomu, alama za vidole, picha, unasubiri kibali ndo unaichukua dukani. Zamani ulilipa kodi ya dola 200, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 hiyo kodi ni sifuri, ila usajili uko palepale, kwa hiyo mtu asikudanganye eti siku hizi ni huria. Majimbo 8 yamezikataza kabisa kwa raia, New York na California wamo. Na sikilizeni nyie wanafunzi, kama uko hapa kwa visa ya muda sheria kwa ujumla haikuruhusu hata kuwa na bunduki au risasi, misamaha ipo michache, mfano ukiwa na leseni halali ya kuwinda, sasa usije ukaponza makaratasi yako ya uhamiaji kwa ajili ya kupiga selfie kwenye renji ya mshkaji. Kujitengenezea mwenyewe gereji kutoka kwenye vile vikopo vinavyouzwa mtandaoni kama vya kusafishia bunduki, bila kibali, hiyo ni jela moja kwa moja. Na usifikirie kubeba kitu kama hicho kwenye begi ukienda Dar likizo, utashikwa huku kabla hata ndege haijaondoka.

Haya tuje kwenye chuma chenyewe.

Sailensa ya bunduki ni binamu wa ile sailensa ya gari tunayoijua, gesi inatoka na presha kubwa, inapitishwa kwenye vyumba vyumba inapungua nguvu kabla ya kutoka nje. Aliyeileta sokoni ni Hiram Percy Maxim, hataza yake ni ya 1909, mtoto wa yule Maxim wa bunduki ya mashine, ileile Wajerumani waliyowamiminia wazee wetu kwenye Maji Maji. Ndani ya hivyo vyumba kuna sahani zenye tundu katikati na risasi inapita humo kwa nafasi finyu sana. Risasi ikigusa sahani moja tu umekwisha, sailensa inaweza kupasuka au mdomo wake kung'oka, na risasi inaenda inakojua yenyewe.

Sasa shida ya bunduki kuukuu ni hii: tundu la mtutu mara nyingi haliko katikati ya mtutu. Sijui kama mmenielewa. Ukiutazama mtutu kwa nje ni mduara safi, lakini hizi zilichongwa mamilioni kwa mamilioni, nyingine adui yuko mlangoni, na aliyezichonga alijali risasi ifike mbele, hakujali kama unene wa chuma upande wa kushoto unalingana na wa kulia, kwa nini ajali? Kwa hiyo fundi akifunga mtutu kwenye mashine kwa kufuata ganda la nje, kisha akakata hesi, yaani zile nyuzi za skrubu pale mdomoni ambazo sailensa inazungushiwa, hesi zitakuwa nzuri za kupendeza na zitaelekea kwingine kabisa na tundu linakoelekea. Mwezi wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo kwenye kipande cha mtutu mbovu alionipa mzee nijifunzie. Nikamletea najisifu, kakizungusha mara moja, kachungulia, kakitupa kwenye debe la vyuma chakavu hajasema neno. Kesho yake ndo akanionyesha namna ya kufunga kazi kwa kufuata tundu. Nyumbani tungesema nilipima gunzi badala ya mahindi.

Ndo maana zile klempu za kubana mdomoni au kwenye saiti ya mbele bila kukata hesi mimi nazikataa, mteja akija nayo namrudishia. Saiti ya mbele imegongwa, imeinama, imehamishwa na jeshi mara ngapi, halafu wewe ndo uifanye rula yako?

Mosin 91/30 ina kituko kingine. Askari walikuwa wanasafisha mtutu kwa kuingiza fimbo kutokea mdomoni, miaka nenda rudi, mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi ikitoka, ikaliwa pale mbele. Karakana za Kisovieti hazikutupa mtutu, walipanua tu tundu pale mwanzoni mpaka wafike kwenye mifereji mizima. Ukitupia jicho haraka hujui, lakini ukuta wa chuma pale mdomoni umeshakuwa mwembamba, sasa wewe uukate tena hesi kwa nje? Ukiona tundu la mdomoni ni pana na halina mifereji, acha, piga simu kwa mwenye bunduki kwanza.

Na vipimo vya risasi, hapa watu wengi wanaumia kwa sababu ya majina. Sailensa nyingi zimeandikwa ni za 30 (yaani inchi 0.30), zimekusudiwa risasi yenye unene wa milimita 7.82. Mosin inaitwa 7.62 lakini risasi yake ni kama 7.9, Lee-Enfield hivyohivyo, kwa hiyo ile nafasi finyu inazidi kuwa finyu. Mauser ya Kijerumani ndo hatari zaidi, inaitwa 7.92 na risasi yenyewe ni 8.2! Ukiifunga sailensa ya 30 kwenye hiyo umetengeneza bomu dogo. Pima risasi kwa venia, usisome jina, halafu muulize mtengenezaji wa sailensa anaruhusu kipimo gani.

Kazi ikiisha kuna ufito wa chuma ulionyooka unaouzwa kwa ajili hii, bunduki tupu, bolti (kile chuma cha nyuma unachovuta kuingiza risasi) umeitoa, ufito unaingia kutoka nyuma mpaka utokee kwenye mdomo wa sailensa. Uwe katikati kabisa. Ukiegemea upande hata kidogo hakuna kufyatua, hata mteja akilia.

Kama unataka kuukuu isiyo na kesi nyingi tafuta Mauser za Sweden, baadhi zilikatwa hesi na jeshi lenyewe kwa ajili ya kifaa cha risasi za mazoezi. Ule ufito wa kukagua bado unaupitisha vilevile, ila angalau hujaharibu kitu cha historia.

Kingine ambacho wateja hawataki kusikia ni kwamba haitakuwa kimya. Mosin inatupa risasi kama mita 860 kwa sekunde, sauti yenyewe inakwenda kama 340, ule mpasuko wa hewani utabaki tu maana hautoki mdomoni. Rifle kama hiyo ni desibeli 160 na ushee, sailensa inapunguza 20 mpaka 30, bado unavaa vizuia sauti masikioni. Wasovieti wenyewe kwenye vita kuu ya pili waliifungia Mosin sailensa iliyoitwa Bramit, lakini waliilisha risasi maalumu za mwendo mdogo.

Na mwisho chumvi. Risasi za zamani za Kisovieti, zile za kopo la bati la risasi 440, fataki yake (kile kiwashio kilichoko kitako cha risasi) inaacha chumvi inayovuta unyevu, kutu inaanza siku hiyohiyo. Mafuta hayaondoi chumvi, ni maji ya moto kwanza, kausha, ndo mafuta. Mtutu utausafisha, je ndani ya sailensa iliyofungwa huwezi kuifungua? Mimi nimeona moja imekatwa kwa msumeno, ndani kama bomba la choo cha stendi.

Mteja wetu wa mwezi uliopita nilimweleza haya yote, Mosin yake mdomo umepanuliwa na tundu limekaa upande. Alinuna kidogo. Akanunua rifle mpya ya kuwindia yenye hesi za kiwandani, sailensa ikafungwa humo, Mosin ya watu akairudisha kabatini kama ilivyotoka. Juzi kaileta tena, anataka nimwonyeshe ile ya maji ya moto.