Kwanini rivasi tu ndio inalia?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimeanza kujifunza gari ya gia za mkono, gia za mbele zote zinaingia bila shida ila nikiweka rivasi inapiga krrrr hadi watu wanageuka. Klachi nakanyaga mpaka chini kabisa, naapa. Mwalimu anasema navunja meno ya gia, ni kweli? Na kwanini rivasi tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuamini klachi umekanyaga, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya, wanadhani ukikanyaga klachi giaboksi inasimama. Haisimami. Pleti ya klachi inaacha tu kubanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, injini haisukumi tena, lakini shafti ya ndani ya giaboksi, yaani mhimili unaoshikana na hiyo pleti, ilikuwa inazunguka mara 700 au 800 hivi kwa dakika hata bila kugusa eksileta, na haina breki, kwahiyo inaendelea kuzunguka kidogo kama feni uliyoizima sasa hivi.

Gia za mbele sasa. Hapa hata madereva wa siku nyingi wanashangaa: meno ya gia hizo hayaachani, namba moja mpaka tano zimeng'atana na wenzake muda wote hata ukiwa nyutro, ila zinaelea tu juu ya shafti bila kuizungusha. Ukisukuma liva husogezi gia, unasogeza kitu kama bangili ya chuma kinachoenda kuifunga gia moja na shafti yake. Na kabla bangili haijafunga inasukuma kipete cha shaba kinachosugua ubavu wa gia mpaka spidi zilingane. Jaribu mwenyewe, gari imesimama injini inawaka, klachi chini, peleka liva namba mbili kwa vidole viwili tu taratibu, utasikia inagoma kidogo alafu inazama. Ule mgomo ndio kipete kinafanya kazi, tunaita sinkronaiza. Kampuni ya magari ya Cadillac walianza kuziweka mwaka 1928, kabla ya hapo dereva alikuwa anakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na akikosea kidogo tu inalia kama yako.

Rivasi kwenye gari nyingi haina hicho kipete. Kuna kagia kadogo kanasogezwa kenyewe kuingia katikati ya gia mbili, ndio kanageuza mzunguko, sasa gia moja imesimama kwasababu imeungwa na matairi, nyingine bado inazunguka, meno yakikutana lazima kelele. Kwahiyo mwalimu wako hajakosea sana, hayavunjiki leo ila ncha zinalika.

Cha kufanya, gari isimame kabisa, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu ndio uweke. Au klachi ikiwa chini ingiza kwanza namba mbili, kipete kitaisimamisha ile shafti, alafu bila kuachia klachi toa weka rivasi. Mimi natumia hiyo ya pili, uvumilivu wa kuhesabu sina.

Ukifanya hivyo na bado inalia basi sio mguu wako, klachi haiachii vizuri, aidha kebo imelegea au kama ni klachi inayosukumwa na mafuta badala ya kebo kuna hewa imeingia kwenye paipu, na hiyo ni kazi ndogo. Ila siku namba mbili nayo ikianza kulia wakati klachi iko sawa, ujue kipete kimeisha, hapo ni kushusha giaboksi.