Kumwamini Mungu bila ushahidi wa maabara ni ujinga?

SWALI: Rafiki yangu anasema kitu kisichopimika maabara kukiamini ni ujinga, nimjibuje?

JIBU: Muulize hiyo kauli yake yenyewe imepimwa maabara gani. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alisema kila kilichoanza kina kilichokisababisha na ulimwengu ulianza, hoja nzito ila haikwambii huyo msababishi anakujali au la. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, naye 1781 akaandika kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha Mungu yupo wala kwamba hayupo, na mi hapo nakubaliana naye kabisa. Ila usimkwepe rafiki yako kwenye swali la mateso, mtoto mchanga anakufa kwa saratani kakosa nini? Hapo hoja ya wasioamini inauma kweli, na kumjibu "ni mapenzi ya Mungu" harakaharaka ni kumkosea heshima.