Kabla hujafuta Windows, niambie unacheza gemu gani

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Morogoro, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Shikamoo mjomba. Nimeona video ya jamaa anacheza kwenye Linux, gemu zinateleza. Nifute Windows?"

Linux ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Nikamuuliza: unacheza nini, na unacheza na nani? Akasema FC, ile gemu ya mpira wa miguu, mtandaoni, na wenzake wa chuo. Nikamwambia asifute kitu. Akanuna, akadhani siipendi Linux, wakati mwenyewe naitumia kuchezea tangu 2023. Kwa hiyo namwandikia yeye, na wewe uliye kwenye njia panda hiyohiyo.

Kompyuta yangu ni mtumba wa Kariakoo: Dell ya ofisini, prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha nne. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa iwe ya kizazi cha nane kwenda juu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wenye mashine kama yangu wanahamia Linux kwa kukosa pa kwenda, si kwa mapenzi. Sioni ubaya, ila hamia ukijua unachohamia.

Gemu nyingi za kompyuta zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux zinahitaji mkalimani. Kazi hiyo ilianza na programu iitwayo Wine mwaka 1993. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, wakaichukua, wakaiongezea vitu vyao, wakaiita Proton na kuiweka ndani ya Steam. Ndani ya Proton kuna kipande kiitwacho DXVK, kinachogeuza maagizo ya picha ya Windows kuwa ya Vulkan, lugha ya picha ambayo Linux inaielewa. Kipande hicho ndicho kilichonitoa jasho.

Nilipoweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, mara ya kwanza sikuwa na kadi ya picha, nilitegemea ile iliyomo ndani ya prosesa. Nabonyeza gemu, dirisha jeusi, linajifunga. Nabonyeza tena, vilevile. Gemu hizohizo nilikuwa nazicheza kwenye Windows bila tabu! Wiki nzima naitukana Linux bure, kumbe kosa ni langu la kutosoma. DXVK tangu toleo la 2.0, la mwaka 2022, inadai Vulkan 1.3, na picha za ndani za Intel ya kizazi cha nne hazifiki huko. Kwa hiyo ile hadithi kwamba Linux hufufua kompyuta kuukuu ni kweli ukiandika barua na kuangalia filamu. Kwa gemu za kupitia Proton, mashine kuukuu isiyo na kadi ni afadhali ibaki na Windows yake.

Nikatafuta kadi. Nilichukua GTX 1050 Ti ya NVIDIA kwa sababu nyingi za aina hiyo hula umeme wa kwenye bodi peke yake. Power supply (kisanduku cha kugawa umeme) za hizi Dell za ofisini mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kasha lako likiwa jembamba, tafuta ile fupi. Mwenye nafasi na umeme wa kutosha aangalie kadi za Radeon kama RX 570, maana draiva yake (programu ya kuiendesha kadi) ni huria, yaani kodi yake iko wazi kwa wote, na huja na Linux yenyewe, huhangaiki. Ya NVIDIA niliiweka kwa kubofya mara chache kwenye kidhibiti cha draiva cha Mint.

Kosa la pili: niliacha gemu kwenye diski ya zamani ya Windows ili nisishushe upya, bando lenyewe unalijua bei yake. Nyingine ziligoma kabisa kufunguka. Proton haielewani vizuri na NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Nilipozihamishia kwenye diski yenye ext4, mpangilio wa Linux, zikafunguka. Na tukiwa kwenye bando: Steam ya Linux hushusha pia mafaili ya sheda (maagizo ya kuchora picha yaliyoandaliwa mapema) kwa kila gemu. Kwenye mipangilio unaweza kuzima, uvumilie kukwamakwama kidogo mwanzoni.

Sasa turudi kwa mpwa. FC ina programu ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali Linux. Valorant na Fortnite ni hivyohivyo. Apex Legends ilikuwa inakubali, ikafunga mlango Oktoba 2024. GTA V unaicheza peke yako vizuri, lakini ile ya mtandaoni imekataa tangu walipoweka BattlEye, nayo programu ya kuzuia udanganyifu, Septemba 2024. Ajabu ni kwamba BattlEye na mwenzake Easy Anti-Cheat ziliruhusu Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aiwashe ruhusa hiyo, na wengine hawataki. Hakuna ufundi wako utakaobadilisha hilo. Kinyume chake, Dota 2 na Counter-Strike 2 zina matoleo ya Linux kabisa, na gemu za kucheza peke yako kwa sehemu kubwa zinakubali. Ingia tovuti ya ProtonDB, andika jina la gemu, soma waliotangulia wanasemaje.

Kuhusu bei sitasema sana. Windows nyingi mtaani kwetu ni za kuchakachua, kwa hiyo ukimwambia mtu Linux ni bure anakuangalia tu. Na wanaohubiri uhuru wa programu wakumbuke kwamba Steam yenyewe si huria.

Mimi nimeishia na diski mbili. SSD ina Mint na gemu zangu za peke yangu, ile ya zamani ina Windows kwa ajili ya Jumapili, shemeji akija na padi yake tunapigana mabao. Nikitaka kubadilisha nabonyeza F12 wakati inawaka. Mpwa nimemwambia afanye hivyohivyo, ila achomoe diski ya Windows kabla ya kuweka Linux kwenye nyingine, asije akafuta isiyo yenyewe. Jana katuma picha ya kasha limefunguliwa, anauliza waya upi ndio wa diski.