Antena ya kwanza uani, kabla jirani hajabisha hodi

Ukishapata leseni ya redio ya ridhaa, iwe ya TCRA kwa aliye Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa aliye Kenya, hamu ya kwanza ni kutundika waya na kuanza kuita. Subiri siku mbili tatu. Malalamiko mengi ya majirani hayaletwi na wati nyingi wala redio mbovu. Yanaletwa na kebo ya koaksi (ile inayounganisha redio na antena) iliyogeuka kuwa antena bila mwenyewe kujua, ikapita ukutani sambamba na nyaya za umeme za nyumba nzima. Hilo linazuilika kwa pete moja ya feraiti, yaani kauri ya sumaku, na saa moja ya kazi, ila lifanyike kabla jirani hajaona TV yake ikiganda.

Anza na antena rahisi kuliko zote: daipoli, yaani waya wa mikono miwili sawa unaolishwa katikati, ya mita 40, yaani masafa ya 7.000 hadi 7.200 MHz. Kwa mawasiliano ya mchana kati ya Dar, Dodoma, Nairobi na Mwanza, daipoli iliyo mita 7 hadi 10 juu ya ardhi inatosha kabisa. Urefu wake wote kwa mita ni kama 143 ukigawanya kwa masafa kwa MHz. Kwa 7.100 inakuja mita 20.1, kila mkono mita 10.05. Waya wa umeme wa kawaida wa nyuzi nyingi, milimita 1.5 au 2.5 za mraba, unafaa bila kuuchuna. Kwa sababu ya plastiki yake utaishia mfupi kidogo kuliko hesabu, lakini usianze na ufupi. Kata kila mkono mita 10.4, pandisha, kisha pima.

Hapa wageni wengi huharibu waya. SWR ni kipimo cha jinsi antena inavyoirudisha nguvu. Ya chini ikiangukia 6.90 MHz badala ya 7.10, maana yake antena ni ndefu. Zidisha urefu wa mkono kwa masafa uliyoyapata, gawanya kwa masafa unayoyataka: 10.4 mara 6.90, gawanya kwa 7.10, unapata 10.11. Kwa hiyo punguza kama sentimita 29 kila upande. Usikate. Kunja ncha, irudishe kwenye waya wenyewe na uisokote imebana, pandisha tena, pima tena. Ukiridhika hata baada ya mvua kunyesha na waya kulegea, ndipo uchukue koleo. Na usihangaike kutafuta 1.0. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu, na ya 2 inarudisha kama asilimia 11. Jirani hasumbuliwi na tarakimu hizo.

Vishikizo vya katikati na vya ncha vikate kwenye bomba la PVC la maji. Kamba iwe ya nailoni inayostahimili jua, kwa sababu kamba ya katani huoza kwa msimu mmoja. Mnazi hufaa kuwa mlingoti, lakini mnazi unayumba: acha kamba ilegee kidogo au funga jiwe upande mmoja lipande na kushuka. Ncha ziwe juu ya mita 3, mtoto asizifikie, maana ndipo voltaji ya antena ilipo kubwa. Na kabla ya yote, tazama nyaya za umeme zinazopita mtaani. Antena isipite juu yake wala chini yake, na mlingoti ukianguka upande wowote usizifikie. Nguzo ya mita 8 inataka zaidi ya mita 8 za nafasi tupu. Nafasi hiyo isipokuwepo, chagua mlingoti mfupi.

Sasa mabati. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, na bati ni jirani mgumu kuliko binadamu. Waya ukikaa mita moja juu ya paa, bati huvuta masafa, SWR hupanda, na nguvu nyingi hupotea. Kibaya zaidi ni kutu. Pale karatasi mbili za bati zinapolaliana zikiwa na kutu katikati, au msumari uliolegea unapogusa na kuachia, panazaliwa kitu kama dayodi. Mawimbi yako yakipita hapo hutoka na hamoniki, yaani masafa mara mbili, mara tatu, mara nne ya yale uliyorusha. Redio yako inaweza kuwa safi kabisa na bado redio ya FM ya jirani ikakoroma. Dalili yake ni kwamba usumbufu hubadilika upepo ukivuma au paa likilowa. Dawa ni kuisogeza antena mbali na paa, au kubana misumari na kuunganisha karatasi kwa skrubu mpya. Kichujio kwenye redio hakisaidii hapo, kwa sababu uchafu unazaliwa nje.

Turudi kwenye koaksi, kiini cha yote. Kwa masafa ya redio koaksi ina njia tatu: waya wa kati, uso wa ndani wa wavu wa chuma unaouzunguka, na uso wa nje wa wavu huo. Mbili za kwanza ndizo tunazozitaka. Ya tatu hupata mkondo pale daipoli inapoungwa, kwa sababu mkono uliounganishwa na wavu hauna kinachouzuia mkondo wake usishuke kwa nje mpaka chumbani. Ukifika chumbani unaingia kwenye pawa saplai, kwenye ethi, kwenye soketi, kisha unatembea kwenye nyaya zote hadi kwa jirani mnayegawana ukuta.

Kuutambua ni rahisi. Shika koaksi kwa kiganja karibu na redio ukiwa unarusha wati 5. Sindano ya SWR ikicheza, upo. Au ongeza kipande cha koaksi cha mita 2: usomaji ukibadilika sana, upo. Kipaza sauti kikikuchoma mdomo kidogo ukiwa na wati 100, upo tena mwingi.

Dawa yake ni choki, yaani kizuizi cha mkondo huo wa nje, pale katikati ya daipoli. Chukua pete ya feraiti FT240 (huo ni ukubwa wake) ya mchanganyiko 31 (namba ya aina ya feraiti) na koaksi ya RG-58. Zungusha mizunguko 11, ukihesabu kila mara kebo inapopita ndani ya tundu. Mita moja na kidogo ya kebo inatosha. Bana kwa zipu, usivute mpaka kebo ipindike kwa kona. Ziba kwenye kisanduku cha plastiki cha fundi umeme, toboa kitundu kidogo chini maji ya mvuke yatoke. Kwa 7 hadi 14 MHz choki hiyo inatoa ohmu elfu kadhaa. Ukikaa zaidi 14 hadi 28, mchanganyiko 43 unafaa. Weka choki ya pili pale koaksi inapoingia nyumbani.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuchomoa pete ya njano yenye upande mweupe kutoka pawa saplai ya kompyuta mbovu. Hiyo ni unga wa chuma, si feraiti ya kazi hii. Utazungusha mpaka uchoke bila kupata kizuizi cha maana. La pili ni kubana feraiti moja ya klipu kwenye kebo na kuamini kazi imeisha. Kebo ikipita mara moja kizuizi ni kidogo. Ikipita mara tatu kinakaribia mara tisa, kwa sababu kinakua kwa mraba wa mizunguko. Afadhali feraiti moja yenye mizunguko saba kuliko saba zilizopangwa foleni.

Wengi wenye uwanja mdogo hupenda antena inayolishwa mwisho, yenye transfoma ya 49 kwa 1. Ni nzuri, ila inadai uangalifu zaidi, kwa kuwa mkondo wa kurudi lazima upate njia, na usipoupa waya utapita nje ya koaksi. Uupe waya wa mita 2 kwenye ncha ya ethi ya transfoma, kisha choki baada ya mita chache za koaksi. Kumbuka pia kwamba kwenye mwanzo wa waya wa antena kuna kama ohmu 2,450. Wati 100 hapo ni karibu volti 500, kwa hiyo isiwe dirishani kwa mtoto.

Antena ikishatulia, jaribu nyumbani kwako kwanza. Washa TV, king'amuzi, redio ya FM, chaja za simu, spika za kompyuta. Rusha wati 5, kisha 25, 50, 100, kwa sauti ya SSB (namna ya kawaida ya kurusha sauti kwenye masafa haya) na kwa mdundo wa Morse. Ukitumia FT8, ujumbe mfupi wa dijitali kwa kompyuta, kumbuka inarusha sekunde 12.6 katika kila zamu yake ya sekunde 15 bila kupumua. Wati 20 au 30 zinatosha. Vifaa vyako mwenyewe vikitulia, una mguu wa kusimama mbele ya jirani. Vikikoroma, usitoke nje ya geti mpaka uvitulize.

Kwa jirani nenda kabla ya kupandisha nguvu, usisubiri aje. Mwenye nyumba kwanza kama umepanga, kisha wa ukuta mmoja na wa nyuma. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo mama. Nina redio ya mawasiliano, nina leseni yake. Ukiona TV inaganda au spika inakoroma, nipigie wakati huohuo." Neno wakati huohuo ndilo la maana, kwa sababu unaandika saa, masafa na wati kwenye daftari la mawasiliano, na baada ya wiki unajua kama kweli ni wewe. Wakati mwingine daftari litaonyesha ulikuwa umelala. Hata hivyo usimjibu kwa ushindi. Msaidie kutafuta chanzo. Waya mrefu uani kwako ataendelea kuuona kila siku.

Ikiwa ni wewe, pambanua aina mbili. Ya kwanza ni hamoniki zako kuangukia kituo chake. Mara mbili ya 50.1 MHz ni 100.2, katikati ya FM. Mara tano ya 21.2 ni 106. Mara nne ya 145 ni 580, ndani ya TV ya dijitali ya antena. Hilo ni kosa la upande wako: weka kichujio kinachopitisha chini ya 30 MHz kwa redio ya HF (ya masafa ya 3 hadi 30 MHz), na uwe na shaka na redio za mkononi za bei ya chini.

Ya pili ni kifaa chake kuzidiwa na nguvu yako halali. Busta ya antena ya TV ndiyo mgonjwa wa kawaida, kwani inakuza kila kitu. Ikiwa unarusha 145 MHz na busta inazidiwa, kuna dawa ya bure: kata sentimita 36 za RG-58, unganisha ncha moja kwa kiunganishi cha T kwenye kebo ya TV kabla ya busta, ncha nyingine iache wazi. Punguza nusu sentimita kwa nusu sentimita hadi karibu 34. Kwa kebo nyeupe ya TV yenye povu ndani, lenga karibu 42. Kipande hicho kinaizika 145 na kuiachia 580 ipite, ingawa chaneli za karibu na 470 zinaweza kudhoofika. Kwa hamoniki yako ya nne hakifanyi lolote.

Spika za msikiti au kanisa ni suala la peke yake, nasi tunalipa uzito. Kebo ndefu ya maikrofoni au ya spika hupokea mawimbi, amplifaya huyageuza sauti, na waumini husikia mtu anabwata kama bata katikati ya mawaidha. Nenda umwone mhusika wa vyombo siku isiyo na ibada, chukua feraiti mbili za mchanganyiko 31, zungusha kebo ya maikrofoni na ya spika mara saba saba karibu kabisa na amplifaya, halafu jaribuni pamoja, mmoja kwenye simu. Mpaka mtakapomaliza, usirushe saa za adhana wala za misa.

Barabara hii ina pande mbili. Nyaya zilezile zinazopeleka mawimbi yako kwa jirani ndizo zinazoleta kelele zake kwako. Ukisikia mngurumo wa S7 au S9 (ngazi za mita ya redio inayopima nguvu ya kinachopokelewa) kwenye 7 MHz, endesha redio kwa betri ya volti 12 na uzime meni swichi ya nyumba yako. Kelele ikifa, ni ya kwako: washa saketi moja moja mpaka uikamate. Mara nyingi ni chaja ya simu ya bei chee, taa ya LED au inveta. Ikibaki, tembea na redio ndogo ya AM, isikilize inavyopanda. Kelele inayokuja jua linapotoka na kuondoka linapozama ni ya chaji kontrola ya sola. Mdundo wa takriban mara moja kwa sekunde ni uzio wa umeme, mara nyingi majani yanayougusa. Ukishajua, mfuate mwenye kontrola na feraiti mkononi, zungusha nyaya za paneli mara saba karibu na kontrola, kisha rudi kwako usikilize imeshuka S ngapi.