Mpira wa yai na mshahara wa msimu: kwa mabinti wanaoanza futi

Karibu kila mwaka, mwezi wa pili au wa tatu, hunijia binti na mama yake pembeni ya uwanja wetu hapa magharibi mwa Melbourne. Binti ana mbio, amecheza soka shuleni, ameona kwenye televisheni wanawake wakiruka kudaka mpira ule wa umbo la yai wa futi, yaani kandanda ya Kiaustralia inayochezwa kwa mikono na miguu. Mama ana swali moja tu: "Dada, hii ni kazi?" Mimi nimecheza ligi ya jimbo miaka sita bila klabu yoyote ya AFLW, ligi kuu ya wanawake ya futi Australia, kuniita, na sasa nafundisha wanaoanza. Humjibu kwamba ni kazi, mama, ila mwanao asiache nyingine.

AFLW ilianza Februari 2017 ikiwa na klabu 8. Mechi ya kwanza, Carlton na Collingwood pale Princes Park, ilivuta watu 24,568 hadi mageti yakafungwa na wengine wakabaki barabarani. Ukitazama picha za usiku ule utadhani wale wachezaji walilala matajiri. Wengi wao walilipwa kama dola 8,500 kwa msimu mzima. Daisy Pearce, nahodha wa klabu ya Melbourne na jina kubwa kuliko karibu yote wakati huo, alikuwa mkunga. Leo klabu ni 18, na mkataba wa pamoja wa mwaka 2023 uliweka wastani wa dola 60,000 za Australia kwa mwaka huo, ukipanda hadi 82,000 ifikapo 2027. Ni maendeleo, sikatai. Lakini wastani humbeba nyota pamoja na aliyeingia jana, na wewe ndiye utakayekuwa umeingia jana. Tena kila klabu ina nafasi 30 hivi. Piga hesabu uone nchi nzima inahitaji wachezaji wangapi.

Kwa hiyo soma uuguzi, soma ualimu, jifunze umeme, chochote chenye zamu unazoweza kupanga. Msimu unaanza Agosti na kuisha Novemba, lakini mazoezi yanaanza miezi kabla, na mwajiri asiyejua hilo atakuona mtoro.

Sasa mguu, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Waliotoka kwenye soka hufika na pumzi nzuri na macho ya kuona nafasi, ila mguu wao umezoea mpira unaokusubiri chini. Huku unauachia mwenyewe kutoka mkononi, na kosa huanzia mkononi kabla halijafika mguuni. Ukipiga kwa mguu wa kulia, mkono wa kulia ndio unaoushusha. Hauurushi juu. Unausindikiza chini kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani, kisha unaukuta kwa mgongo wa mguu, vidole vimenyooka kabisa, nao uondoke ukizunguka kinyumenyume. Ukizunguka hivyo, mwenzako anajua utafikia wapi. Ukiyumba, hata dada yako wa damu hataudaka.

Usianze na mita 50 za kujionyesha. Sheria inasema mpira uliodakwa unahesabika tu kama umesafiri angalau mita 15, basi anzia hapo hapo, mita 15 hadi 20, mguu wa kulia na wa kushoto, kila jioni. Mimi nilipoteza misimu miwili nikikimbilia kukaba, yaani kumshika mwenye mpira na kumwangusha, kwa sababu kukaba kuliniletea sifa na, nikiri, kulinipendeza. Watafuta vipaji walinisifu kwa ujasiri, halafu wakamchukua msichana mfupi wa timu yetu aliyekuwa akipiga kwa miguu yote miwili. Nilimnunia wiki nzima. Walikuwa sahihi.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawapendi kulisikia, nalo ni goti. Kwenye mchezo huu wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na aghalabu hakuna aliyekugusa: unatua vibaya au unakata kona ghafla, basi. Fainali ya 2019 pale Adelaide Oval, mbele ya watu 53,034, Erin Phillips alitolewa na goti lililochanika huku uwanja mzima umesimama ukimpigia makofi, na bado akatajwa mchezaji bora wa mechi. Yule alikuwa ameshacheza kikapu hadi Olimpiki. Mwili wake ulifundishwa tangu utotoni. Goti halikuangalia hayo.

Langu la kushoto lilikwenda robo ya tatu, siku ya mvua, nikiwa peke yangu na mpira. Wakati huo nilikuwa kibarua wa zamu kwenye ghala moja. Msimamizi alinitumia ujumbe mfupi, "Ukipona tuambie", na zamu zikaishia hapo. Miezi kumi na moja. Bima niliyoipata kwa kujisajili haikunirudishia hata senti ya mshahara, na ilikuwa imeandikwa wazi kwenye karatasi niliyoisaini bila kuisoma. Soma ile karatasi. Na kocha akisema kupasha mwili ni dakika 20 za kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa, usije umechelewa ukidai foleni ya magari.

Wakala akikupigia simu kabla hujacheza hata ligi ya jimbo, muulize kama ana kibali cha chama cha wachezaji. Wengine hukata simu hapo hapo.

Mabinti wengi huniuliza kama kuna aliyefika akitokea kwetu Afrika. Yupo Akec Makur Chuot, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia kambi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kuhamia Perth. Mwaka 2017 alivaa jezi ya klabu ya Fremantle. Wanapolisimulia, watu huishia hapo, kwenye jezi. Mimi napenda sehemu inayofuata: Fremantle walimwacha, akahamia Melbourne, akarudi ligi ya jimbo kuanza upya, hadi Richmond wakamchukua, na baadaye Hawthorn. Kati ya jezi na jezi kulikuwa na baridi ya Jumanne usiku kama hii yetu.

Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Viatu vya soka vyenye meno vinatosha, usinunue vipya. Hijabu si tatizo, ila ibane vizuri. Njoo na maji yako. Bomba la uwanjani limeharibika tangu mwaka jana.