Vifungo viko mgongoni. Usinunue hiyo fulana

Nimeikuza picha uliyoweka ya fulana ya kubana mwili, ile ya kumtuliza mtoto, mpaka ikaanza kuchanika kwenye simu. Vifungo viko mgongoni. Kama hujalipa, usilipe.

Mleta uzi, umeuliza mambo manne: saizi, kama mwanao wa miaka 6 anaweza kuivaa shuleni tangu asubuhi hadi jioni, kama alale nayo, na inafuliwaje. Halafu katikati ukaandika kwamba muuzaji amekuhakikishia "mtoto hawezi kuivua, kwa hiyo inafanya kazi muda wote." Hapo ndipo moyo uliponienda mbio. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Nikamshukuru aliyeniambia, nikalipa.

Binti yangu ana usonji (autism). Wakati huo alikuwa na miaka 7. Kiti kikiburuzwa sakafuni, taa ya darasani inayocheza, lebo ya shati shingoni: mambo ambayo mwingine hata hayaoni, yeye yanamjaa mpaka yanafurika. Akizidiwa alikuwa anajipenyeza kati ya kochi na ukuta, anajirundikia mito, na baada ya muda anatoka ametulia. Au anakuja kwangu na kusema "nibane." Nambana kwa mikono miwili, kwa nguvu hasa, mpaka aseme "basi." Likumbuke hilo "basi" lake, maana ndilo nililokuja kulidharau.

Niliposikia kuna nguo zinazobana mwili, niliona nimepata mikono mingine ya kumsaidia nisipokuwepo. Na sibishi, wazo lenyewe lina ukweli ndani yake. Mguso mwepesi wa juu juu humshtua mtu, ila mgandamizo mzito na wa sawasawa huwatuliza wengi. Ndiyo maana mtoto anayeruka ukimgusa bega kidogo tu, huyo huyo anakuomba umkumbatie kwa nguvu. Basi nikauziwa fulana ya kubana yenye mifuko ya vipande vya chuma, jumla kilo 2 na nusu, kwa mtoto wa kilo 19. Wataalamu wa tiba kazi, wale wanaowasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, kwa kawaida huanza na asilimia 5 ya uzito wa mtoto na hawapendi kuvuka 10. Piga hesabu uone tulikuwa wapi. Lakini hata huo uzito haukuwa kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa lilikuwa vile vifungo vya nyuma.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba mtoto amekaa kitini mpaka kipindi kikaisha. Nililia. Wiki ya pili mambo yakarudi yalikokuwa, na leo najua sababu: mwili huzoea. Saa unaivaa mkononi asubuhi, kabla ya mchana umeshasahau kama ipo. Wanaoijua kazi hii humvalisha mtoto kwa dakika 15 au 20, wanamvua, kisha wanamrudishia baadaye akiihitaji. Mimi nilimpigia muuzaji simu. Akasema kaza zaidi, na usimvue, atazoea. Nikakaza.

Halafu ikaja siku ya sherehe ya ndugu yetu. Spika kubwa, watu wengi, watoto wanakimbizana. Nikamwona anaanza kuzidiwa: anavuta shingo ya fulana, anapeleka mkono mgongoni, vidole vinatafuta kifungo. Nami kichwani nikasema kelele zimemzidi, fulana ndiyo itamwokoa. Nikaikaza tundu moja zaidi. Akasema "basi." Nikamwambia subiri kidogo mama, itakusaidia. Akasema "basi" tena. Na tena. Nikamshika mikono ili asijikwaruze. Mwishoni hakuwa anasema neno lolote, alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sakafuni, kucha mbili zimevunjika kwa kupambana na plastiki ya vile vifungo. Nilipomfungua, fulana ilikuwa imelowa jasho mpaka ndani ya mifuko ya vyuma. Alikuwa anaungua na joto, na mimi nilikuwa nakaza.

Pesa ya fulana ilikuwa hasara ndogo. Hasara yenyewe ni kwamba "nibane" ilikufa. Kwa karibu mwaka mzima hakuniomba. Nikimsogelea kwa mikono miwili anarudi nyuma. Njia moja aliyokuwa nayo ya kutulia, ambayo aliigundua mwenyewe bila kufundishwa na mtu, mimi baba yake niliifunga.

Na yule muuzaji, aliyejiita mshauri wa familia zenye watoto wenye usonji, hakuwahi kuniuliza hata mara moja mtoto mwenyewe anapenda nini. Hakuuliza kama anahisi joto upesi. Hakuuliza anasemaje akitaka kitu kikome. Alinisifia vifungo vya nyuma kana kwamba ni ubora! Nguo ya mtu mzima ikiwa hivyo tungeiitaje? Alikuwa anauza mtoto asiyesumbua wakubwa. Inaniuma hadi leo nikimwona mtu mwingine anavutwa kwa maneno yale yale.

Kuna jambo wauzaji hawa hupenda kulisimulia nusu. Aliyefanya wengi wajue habari ya mgandamizo ni Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji na mtaalamu wa mifugo. Akiwa kijana, miaka ya 1960, kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakitulia ndani ya kizimba chenye kuta zinazobana, akajitengenezea mashine yake ya kujibana. Wakifika hapo wananyamaza. Hawakwambii kwamba mashine ile iliongozwa na yeye mwenyewe aliyekuwa ndani. Yeye ndiye aliyeamua ibane kiasi gani na iachie lini. Ukimwondolea hilo, kinachobaki ni kizimba cha ng'ombe.

Na usidhani nakutisha bure. Mwaka 2008, Quebec nchini Kanada, mvulana wa miaka 9 mwenye usonji alifariki baada ya kuviringishwa shuleni ndani ya blanketi zito. Kwa hiyo ukiniuliza habari ya kulala na fulana ya kubana, jibu ni hapana: aliyelala hasemi "basi." Hata mablanketi mazito yalipopimwa Uingereza kwa watoto 67 wenye usonji, matokeo yakachapishwa 2014, watoto hawakulala zaidi, ingawa wao na wazazi wao waliyapenda kuliko ya kawaida. Kupenda kwao si jambo dogo, ila usikubali kuuziwa usingizi.

Najua atatokea mdau hapa aseme wa kwake anavaa kutwa na yuko salama. Nafurahi kwa ajili yake. Kabla hamjanirushia mawe, wakuu, nirushieni mito, kwetu haitapotea bure. Lakini sitarudi nyuma kwenye hili: zipu iwe mbele, na zipu ni ya mtoto. Anavaa akitaka, anavua akitaka, hata kama umemvalisha sekunde kumi zilizopita, hata kama mwalimu amekasirika. Kama hawezi kuivua mwenyewe, haivai. Na akiwa ameshafurika usimvalishe kwa nguvu. Mpeleke penye utulivu, punguza taa, kaa karibu, nyamaza.

Sasa binti yangu ana miaka 11. Ana fulana nyepesi ya kitambaa cha kuvutika, haina chuma hata kimoja, inaning'inia nyuma ya mlango wake. Siku nyingine haigusi kabisa. Siku ya kukatwa kucha anaivaa mwenyewe kabla sijamwita, na kucha zikiisha anaivua palepale. Ile siku aliyorudi kwangu na kusema "nibane," nilimbana huku mikono inatetemeka. Akasema "basi." Niliachia kabla neno halijaisha.

Mpigie huyo muuzaji leo umuulize swali moja: mwanangu ataivuaje peke yake, gizani, huku analia? Akikujibu, lilete jibu lake hapa neno kwa neno.